Upande wa Kulia wa Demyan Loskutov

Jicho la kulia la Demyan Loskutov lilizimika mwezi wa Novemba, ugenini, katika kipindi cha pili cha mechi ya hoki ya barafu ambayo hakuna anayeikumbuka kwa sababu nyingine yoyote. Beki wa timu pinzani alijikwaa, gongo lake likapanda juu, ncha yake ikapita chini ya kioo cha helmeti ya Demyan na kumchoma jichoni. Adhabu haikutolewa, maana mwamuzi alikuwa anatazama kwingine. Demyan alipiga magoti, akafunika uso kwa glavu, na alipoona damu inadondoka juu ya barafu, jambo la kwanza lililomjia ni kwamba mama yake alikuwa nyumbani anatazama mechi kwenye runinga.

Hospitali ya mkoa walimpasua mara mbili.

"Utando wa ndani umechanika," daktari wa macho alimwambia, huku anafuta miwani yake. "Tumeubandika tulivyoweza. Mwanga utauona. Mtu akipita dirishani utaona kivuli chake. Zaidi ya hapo nisikudanganye."

"Na kucheza?"

"Kucheza dama, sawa."

Demyan alikuwa na miaka ishirini na saba, winga wa kulia wa Plavilshik, timu ya kiwanda cha shaba cha Medyansk. Hakuwa nyota. Kazi yake ilikuwa ile ambayo kila timu inaihitaji na hakuna shabiki anayeiimba: kuingia kwenye kona mabeki wanakokusubiri, kubanwa mbavu kwenye mbao za kando, kukichokonoa kisahani, kile kipande cheusi cha mpira mgumu kinachogombewa, kutoka katikati ya miguu ya watu, kisha kukisukuma katikati kwa Zakhar Pichugin. Zakhar ndiye aliyefunga. Zakhar ndiye aliyeimbwa.

Walijuana tangu utotoni. Ilikuwa ile miaka mibaya, nchi ya zamani imeshavunjika, kiwanda kinawalipa watu mishahara kwa sufuria badala ya fedha, na baba yake Demyan ameshafia kwenye tanuru. Mama yake, Klavdia, hakuwa na habari na mchezo wowote duniani. Alisikia tu kwamba shule ya hoki inawapa watoto uji mzito wa nafaka ya grechka wenye nyama baada ya mazoezi, akamshika mwanawe mkono, akampeleka. Zakhar naye aliletwa na bibi yake kwa sababu hiyohiyo. Viatu vyake vya barafu vilikuwa vikubwa mno, vimejazwa magazeti, na kila akianguka alikuwa anacheka. Demyan hakucheka, alikuwa anaamka tu na kuendelea. Kocha wa watoto aliwaangalia, akamweka mmoja katikati na mwingine kulia, na tangu siku hiyo hakuna kocha aliyewatenganisha.

Alipotoka hospitali, Demyan aliwaambia watu kwamba jicho linarudi polepole. Mashabiki waliamini. Mama yake hakuamini, maana ndiye aliyekaa naye mezani.

"Demushka," alisema asubuhi moja, "meza haina kiu."

Demyan akatazama. Alikuwa amemimina chai pembeni ya kikombe, na maji yanatiririka hadi kwenye mkate.

"Mkono umeteleza, mama."

"Mkono wako unateleza tangu urudi. Jana umekosa kishikio cha mlango. Mimi si mjinga, mwanangu." Alifuta meza, akakaa. "Acha. Tafuta kazi nyingine. Kiwandani wanachukua watu."

"Baba alienda kiwandani."

Klavdia aliinuka. Alimpokonya birika, akammiminia mwenyewe.

Ukweli ni kwamba Demyan hakujua kufanya kitu kingine. Tangu akiwa mtoto hakuna aliyemfundisha jambo lolote lisilohusu barafu. Shule ya kawaida walimwachia apite kwa sababu ni mchezaji. Alipojifikiria bila mchezo, alikuwa haoni mtu pale. Kwa hiyo majira ya joto yote alifanya mazoezi peke yake, anajifunza upya umbali wa vitu, anarusha mpira ukutani na kuudaka, anaukosa, anaurusha tena. Vuli ilipofika kukabaki jambo moja: kupimwa macho na daktari wa timu.

Zakhar ndiye aliyepata dawa ya hilo. Ubao wa herufi wa kupimia macho ni uleule nchi nzima, kuanzia Kaliningradi hadi Vladivostoki, na Zakhar aliupata mmoja, akaja nao nyumbani kwa Klavdia ameukunja kama zulia.

"Usikariri kama wimbo," alimwambia. "Yule mzee ataruka huku na huku. Kariri kwa mahali. Haya. Mstari wa pili, ya mwisho?"

"Ka."

"Wa nne, ya kwanza?"

"Ma."

"Ba, wewe. Ba. Kipofu sawa, lakini mjinga tena? Chagua moja, kaka."

Demyan alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Walikariri hadi Klavdia naye, aliyekuwa anamenya viazi, akaanza kutaja herufi kabla ya mwanawe.

Daktari wa timu aliitwa Yefim Lvovich, mzee mwenye mikono ya baridi, karibu kustaafu. Alimfunika Demyan jicho la kushoto kwa kipande cha kadi, akaanza kuelekeza kijiti chake kwenye ubao. Demyan hakuona ubao, hakuona kijiti. Aliona ukungu wa rangi ya chai. Lakini kijiti kilikuwa kinagonga ubao kila kinapoelekezwa, na Demyan aligundua kwamba mzee anafuata mistari kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu sana, kama mwalimu anayesomesha watoto. Alizitaja herufi zote. Yefim Lvovich akaketi, akaandika, akagonga mhuri.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Yefim Lvovich."

"Msalimie." Kisha, bila kuinua uso: "Kaa upande wako, Loskutov. Usihame upande wako."

Ushauri huo ulikuwa wa maana, na Demyan aliuelewa vizuri. Winga wa kulia anaposhambulia, mkono wake wa kulia uko kwenye mbao za kando. Jicho lililokufa lilikuwa linatazama mbao, na mbao haziji kukugonga. Katikati ya uwanja, wenzake, kisahani, wabaya wake, vyote vilikuwa upande wa jicho zima. Na pale alipolazimika kugeuka, Zakhar alimwita. Walikuwa na neno lao, "hop", fupi na kali. Likisikika, Demyan alijua Zakhar yuko wapi bila kutazama.

Alicheza hivyo msimu karibu wote. Hakuwa yule wa zamani, aligongwa zaidi, mbavu zake zilikuwa za bluu kila Jumatatu, lakini kisahani bado kilitoka kwenye kona na kumfikia Zakhar. Wenzake walimtania kwamba ameanza kuzeeka.

"Loskutov, siku hizi unapita kama mama mkwe ameingia jikoni," kipa alimwambia. "Unagonga kila kitu."

"Na wewe unadaka kama mama mkwe amekwisha ondoka, umelala usingizi," Demyan alijibu, na chumba kizima cha kubadilishia nguo kikacheka, Zakhar kuliko wote.

Februari winga wa kushoto alivunjika kifundo cha mguu. Kocha alikuwa Arkadi Savelyevich Burmistrov, mtu wa maneno machache aliyeletwa na kiwanda msimu huo ili timu ifike mbali. Mwisho wa mazoezi alisimama mbele ya wachezaji, akasoma mpango.

"Loskutov, unahamia kushoto. Unapiga kwa mkono wa kushoto, utazoea."

Hakuuliza kama inawezekana. Kocha kama huyo haulizi.

Demyan alibadilisha nguo haraka, akatoka, akaenda hadi mlangoni kwa Burmistrov. Alikuwa amekata shauri. Angemwambia yote, ya hospitali, ya ubao, na yatakayokuja yaje. Mkono ulikuwa umeshainuka kubisha hodi, Zakhar akamdaka kiwiko.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia."

"Njoo hapa kwanza." Alimvuta hadi kwenye kona ya korido, penye harufu ya mpira uliolowa. "Sikiliza. Ukimwambia leo, kesho huna timu. Na mimi nabaki na nani? Na yule mtoto wa akiba anayeogopa kona? Watu wa ligi kuu wanakuja kunitazama kwenye mtoano, Demka. Unajua hilo. Mimi sitapata nafasi nyingine."

"Utakuwa upande wangu wa kipofu, Zakhar. Muda wote."

"Nitaita. Si naita siku zote? Nitaita mara mbili. Tukimaliza mtoano, tutaingia kwake wote wawili, tumwambie pamoja."

Demyan hakuwa na hasira. Alichosikia zaidi ni raha ya mtu aliyeambiwa kwamba jambo zito linaweza kusubiri. Wakaenda kula.

Mechi ya pili ya mtoano ilichezwa nyumbani. Uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi. Watu wa tanuru walikuja moja kwa moja kutoka zamu wakiwa na ngoma kubwa, wakaipiga nyuma ya goli bila kupumzika, na wengine waligonga kioo kwa viganja. Demyan alimsikia Zakhar mara chache katika kipindi cha kwanza. Katika kipindi cha pili hakumsikia kabisa.

Kisahani kilizunguka nyuma ya goli la wageni, kikaja kona ya kushoto. Demyan alikifuata, kikamponyoka kwenye gongo. Alihisi beki anamjia kwa nyuma, akafanya alichokifanya maisha yake yote: alijigeuza kulia ghafla, bega mbele, uzito wote wa mwili nyuma ya bega hilo, ili agonge kabla hajagongwa. Lakini beki alikuwa ameshafunga breki. Aliyekuwa pale ni Zakhar, ameinama, kichwa chini, anakwenda kukiokota kisahani. Pengine alikuwa ameita. Bega la Demyan lilimpata mgongoni, chini kidogo ya shingo, na Zakhar akaenda kichwa mbele kwenye mbao.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Demyan alikuwa amesikia watu wengi wakigonga mbao, na huu ulikuwa mdogo kuliko mingi.

Mwanzo hakujua amemgonga nani. Aliendelea kukitafuta kisahani kwa jicho lake moja, hadi filimbi ikalia, ndipo akageuka akaiona namba ya Zakhar mgongoni. Akapiga magoti karibu naye.

"Demka," Zakhar alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, shavu lake juu ya barafu, "mwambie huyo aliyenikalia miguu aondoke."

Hakuna aliyekuwa amemkalia miguu.

Walimtoa kwa machela. Ngoma ilinyamaza. Burmistrov alimwinamia Demyan kwenye benchi.

"Unaweza kuendelea?"

Demyan aliitikia kwa kichwa, kwa sababu alikuwa haelewi swali. Akarudi barafuni. Kuelekea mwisho wa mechi mtu alipiga kisahani kutoka mbali. Kikaja kutoka kulia, Demyan hakukiona, kikamgonga gotini na kuingia golini. Timu ikashinda. Wenzake walimrukia, wakamkumbatia, na uwanja mzima uliimba jina lake kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake. Gazeti la mji liliandika kwamba Loskutov alifunga kwa ajili ya rafiki yake. Mechi zilizofuata walifungwa, wakatolewa.

Uti wa mgongo wa Zakhar ulikuwa umekatika juu. Aliweza kusogeza shingo, na mkono mmoja kidogo. Walipomhoji, alisema kiatu chake kilikwama kwenye ufa wa barafu, akaanguka mwenyewe. Kwenye picha za mechi miili ilikuwa imerundikana kona, na kila mtu aliona alichotaka kuona. Kiwanda kilitoa pole na kuahidi fedha ya matibabu. Watu wa ligi kuu hawakupiga tena simu.

Siku ya kwanza Demyan alipoingia wodini, Zakhar alimtangulia kusema.

"Niliita," alisema. "Nataka ujue niliita. Lakini ile ngoma."

"Zakhar..."

"Basi. Hatutalizungumza. Barafu ilikuwa na ufa. Umesikia? Ufa."

Zakhar alikuwa na mke, Taisia, mshonaji katika karakana ya mapazia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Walikaa ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Alipoletwa kutoka hospitali, wachezaji sita walimpandisha, wanatania njia nzima, wanamwita tsari, mfalme wao. Mara ya pili walikuja wanne. Vuli msimu mpya ulianza, timu ikaanza kusafiri, na mtu pekee aliyeendelea kuja kila Jumapili ni Demyan. Alikuwa amerudi winga ya kulia. Naam, aliendelea kucheza. Wapo watu mjini ambao hadi leo hawaelewi hilo, na yeye mwenyewe alipoulizwa baadaye hakuwa na jibu zuri. Asubuhi iliingia, akaamka, akaenda mazoezini.

Alimsaidia Taisia kumgeuza Zakhar, kumwogesha, kumnyoa. Alibeba viazi na kabichi hadi juu. Na Taisia alimtendea kama mtakatifu. Alimpikia pelmeni, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, akamwekea krimu nyingi, akamkalisha kwenye kiti cha Zakhar.

"Wote wamekimbia, shemeji," alimwambia. "Umebaki wewe. Mungu akulipe, mimi siwezi."

Kila Jumapili alisema jambo la namna hiyo, na kila Jumapili Demyan alikula kama mtu anayemeza mchanga. Aliacha kulala vizuri. Alikonda. Burmistrov alimweka benchi, kisha nje ya kikosi. Majira ya baridi yalipokaza, Jumapili moja, Taisia alimwekea sahani mbele, akamshika bega, akasema kwamba ameweka mshumaa kanisani kwa ajili yake.

Demyan akaisukuma sahani.

"Taisia, kaa."

"Nini? Imepoa?"

"Hakukuwa na ufa. Ni mimi niliyemgonga. Jicho langu la kulia halioni, halioni tangu mwaka juzi. Nilimgonga mgongoni kwa sababu sikumwona. Nilipaswa kumwambia kocha na sikumwambia."

Taisia hakukaa. Alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, anamtazama jicho moja kisha la pili, kama anayetafuta ni lipi.

"Na yeye anajua?"

"Anajua."

"Alijua kabla? Kwamba huoni?"

Demyan alichelewa kujibu, na kule kuchelewa kukatosha. Taisia aliweka kitambaa juu ya meza, akatoka, akaenda kusimama kwenye korido ya jengo bila koti. Zakhar alikuwa amesikia kila kitu kutoka kitandani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na kuta zake ni kama karatasi.

"Njoo hapa," aliita.

Demyan aliingia. Uso wa Zakhar ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani alikutuma?"

"Nilikuwa siwezi tena kula chakula chake."

"Ungesema tumbo linakuuma. Ungeacha kuja, kama wenzako." Alikuwa anapumua kwa shida, maneno yanatoka vipande vipande. "Mimi nilimpa barafu aichukie. Barafu haina sura. Haiji hapa Jumapili. Sasa umempa wewe. Umempa na mimi, maana mimi ndiye niliyekuvuta mlangoni kwa Burmistrov. Ananigeuza kama gunia mchana kutwa, Demka. Sasa atakuwa ananigeuza huku anajua nilijitakia."

"Nidanganye mpaka lini?"

"Mpaka nife. Kwani ilikuwa mbali?"

Demyan alisimama, mikono inaning'inia. Alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo kama punje, akaliacha.

"Nenda," Zakhar alisema. "Na usirudi mpaka uitwe."

Wiki hiyohiyo alikwenda kwa Burmistrov, akamwambia pia. Kocha alisikiliza huku anatazama dirishani.

"Sijasikia chochote," alisema mwishoni. "Mkataba wako umekwisha kwa sababu ya afya. Mbavu. Umenielewa? Ukilisema hili nje, yule mzee Yefim Lvovich atakwenda jela, na Pichugin hatapata hata ile fedha ya matibabu kutoka kiwandani, watasema mlifanya wenyewe. Nenda nyumbani."

Demyan akaenda nyumbani. Alipata kazi ya kupakia mikate kwenye magari ya kiwanda cha mikate, kazi isiyohitaji macho mawili. Jumapili zilikuwa ndizo mbaya zaidi. Alikuwa anavaa, anafunga kamba za viatu, halafu anakumbuka kwamba hana pa kwenda.

Mwezi wa Machi, asubuhi, simu ililia kazini. Ilikuwa sauti ya chini ya Taisia.

"Njoo umshushe," alisema. "Ana homa, figo. Gari la wagonjwa limekuja, lakini daktari ni mwanamke na dereva ni mmoja, na majirani wamefunga milango. Sina mtu mwingine wa kumwita."

Alikimbia na vumbi la unga mwilini. Zakhar alikuwa amefungwa kwenye machela laini ya turubai, macho yanang'aa kwa homa, amekuwa mwepesi kama mtoto. Dereva alishika nyuma. Demyan alishika mbele, upande wa miguu, akaanza kushuka kinyumenyume, na mara hiyohiyo mguu wake ukakanyaga hewa. Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba, taa zimeungua, na ukuta uko upande wa jicho zima. Dereva akatukana.

"Angalia, wewe. Huoni?"

"Haoni," Zakhar alisema kutoka kwenye machela. Halafu kwa sauti nyingine, ile ya zamani ya uwanjani, ingawa ilikuwa imebaki nyuzi tu: "Shusha mguu. Ngazi. Ngazi. Ngazi. Sasa kona, kulia kuna ndoo, ipishe. Hop. Ngazi."

Zakhar akamshusha hivyo ghorofa zote tano, yeye amelala, anatazama nyuma ya bega la Demyan, anaita. Taisia aliwafuata amebeba mfuko wa nguo. Chini, walipomwingiza garini, Zakhar alikuwa amechoka hawezi tena kufumbua macho.

"Umegonga ukuta mara mbili," alisema. "Umechakaa, kaka."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho Demyan aliyoyasikia kwake. Damu ilikuwa imeshaingia sumu. Alifariki hospitalini kabla wiki haijaisha, bibi yake na Taisia wakiwa kando ya kitanda.

Siku ya mazishi theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na ua wa jengo ulikuwa matope matupu. Wachezaji walikuja, wa sasa na wa zamani, na ujumbe wa kiwanda, na Burmistrov aliyesimama mbali. Jeneza lilipotolewa, waliitwa wanaume sita wa kulibeba. Demyan akasogea. Taisia, amejifunga kitambaa cheusi hadi kwenye nyusi, akanyoosha mkono mbele ya kifua cha Demyan.

"Wewe usibebe."

Watu walisikia. Demyan akarudi nyuma, uso unamwaka, akatafuta pa kusimama mbali na macho ya wote. Mwingine akachukua nafasi yake. Msafara ulipoanza kutembea, Taisia alimpita, akapunguza mwendo, akasema bila kumtazama:

"Ndugu hawabebi. Ndugu hutembea nyuma."

Akatembea nyuma, kati ya Taisia na yule bibi, kama watu wa damu wanavyotakiwa kutembea katika mji ule. Hakuelewa kama amesamehewa au amefungwa kitanzi kipya. Mtu ambaye si kitu kwako unaweza kumsahau. Ndugu unabaki naye. Hakumuuliza Taisia siku ile, na hakumuuliza wakati wa kula blini, zile chapati nyembamba za msiba, na kunywa kwa kumkumbuka marehemu, wala siku ya arobaini.

Kiangazi Taisia aliuza nyumba, akahamia kwa dada yake huko Permi. Timu ilikufa miaka michache baadaye, kiwanda kilipokataa kuilisha. Demyan bado anapakia mikate. Alioa mara moja, haikudumu. Hasemi mengi, na watu wa mji, wale wachache wanaomkumbuka, wanamkumbuka kwa lile goli la gotini, wanampiga begani wakiwa wamelewa, na yeye anangoja waondoe mkono.

Mwezi wa Mei, watu wanapokwenda kusafisha makaburi, Taisia huja kwa basi. Demyan huwa ametangulia, ameng'oa majani kwenye kaburi la Zakhar, amepaka rangi uzio. Wanatandika gazeti kwenye benchi, wanamenya mayai, wanakula. Taisia anamweleza habari za karakana mpya ya mapazia, na jinsi mvua ilivyoharibu viazi vya dada yake. Anamwuliza kama miguu ya Klavdia imepata nafuu. Kisha anaangalia saa, anafunga mabaki kwenye gazeti, na Demyan anamsindikiza hadi kituoni, wanasubiri basi pamoja.